Figo Nililoshindwa Kulitoa

Mafigo ya mdogo wangu yalipokufa, mimi ndiye niliyeonekana nafaa. Ukweli ni kwamba sikuwa na mpinzani. Kaka zetu wawili wako chini ya ardhi, mmoja alichukuliwa na vita na mwingine na ini, na wazazi walitangulia zamani. Watoto wa mdogo wangu bado wanavaa sare za shule ya msingi. Mke wake alipimwa na damu yake ikakataa. Nikabaki mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, muuza masufuria wa soko la Kikuubo jijini Kampala, mwenye sauti kubwa na kiuno ambacho watu wa soko hukitania mbele yangu bila woga kwa sababu nami huwatania wao.

Nilikwenda hospitali na furaha yangu, siwezi kuificha. Maisha yangu yote mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinisaidia. Alikuwa askari, dereva wa magari makubwa ya jeshi, na kila nilipohama chumba Bwaise kwa sababu ya mafuriko alikuja yeye kubeba kitanda. Sasa zamu ilikuwa yangu. Walinitoa damu, wakapima mkojo, wakasikiliza moyo, wakanirudisha wiki iliyofuata na ile iliyofuata. Mwishowe daktari, mama mmoja Mkenya aliyehamia Kampala kikazi, alituita sote wawili na kutueleza kwamba damu zetu zinaelewana, na hata zile alama za ndani kabisa ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mgeni zilikuwa zimelingana vizuri kuliko alivyotarajia. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono wake umefungwa bandeji pale wanapochomeka mipira ya mashine ya kusafisha damu. Alifumba macho na kuyafumbua, nami nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Kisha nikaambiwa nipande kwenye mizani.

Daktari alisoma, akanishusha, akanipandisha tena. Alisema kwa upole kwamba kwa uzito ule hakuna mpasuaji atakayekubali kunifungua, kwamba figo litakalobaki lingebeba mzigo wa mwili ule wote peke yake, na kwamba sukari yangu ilikuwa imekaa mpakani. Kilo ishirini na mbili zitoke. Alinipa miezi sita, kisha akamtazama mdogo wangu, akapunguza ikawa minne.

Nikamjibu kwamba nitazitoa kwa mitatu. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia.

Sharti niseme unene wangu ulikuwa nini kabla ya siku ile, maana haukuwa ugonjwa. Mji huu mtu akinona tunampongeza. Katika usichana wangu, aliyekonda ndiye aliyesemwa. Tulizika watu wengi ambao kabla ya lolote walikonda, na majirani walikuwa wakikutazama mifupa ya shingo kabla ya kukuamkia. Mama aliniona navimba mashavu, akamshukuru Mungu waziwazi. Nilipopata duka langu, wateja walisema maisha yamenikubali. Vijana wa boda walidai nauli ya abiria wawili, nikawatukana, wakacheka, nikapanda. Niliutembeza mwili wangu mjini kwa kiburi. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ungesimama kati yangu na uhai wa mtu.

Nikaanza. Niliacha posho, ule ugali wetu wa mahindi, nikaacha matoke, nikaacha karanga ambazo nilikuwa nakula kutwa nzima nikisubiri wateja. Chai nikainywa bila sukari na bila maziwa, maji ya rangi tu. Bia niliiacha siku ileile na sikuionja tena. Kila asubuhi nilitoka Bwaise kwa miguu hadi Kikuubo, na mvua zilipoanza na mtaro wetu kufurika kama kawaida yake, nilivua viatu nikavishika mkononi, nikapita katika maji yale meusi hadi barabara ya Bombo, nikavivaa tena na kuendelea. Magoti yaliniuma hadi nikajifunza kupanda ngazi kinyumenyume.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani vilikutana. Baba yetu alikuwa Mwislamu, mama Mkatoliki, wakakubaliana bila ugomvi kwamba watoto wachague. Mimi na kaka zangu tulimfuata mama, mdogo wangu akamfuata baba. Basi nikafunga kote kuwili. Sikugusa nyama kwa ajili ya mama, sikunywa hata maji hadi jua lizame kwa ajili ya baba, na kwa kuwa mdogo wangu mwenyewe alikuwa amekatazwa na daktari kufunga, nilimwambia nafunga na saumu zake. Mwenye duka la jirani aliniuliza namwomba Mungu yupi. Nikamwambia yeyote atakayepokea simu.

Mizani ya hospitali ilikuwa mbali na foleni zake ndefu, kwa hiyo nilikuwa najipima kwa jirani yuleyule, muuza maharagwe kwa jumla. Ana mizani ya chini, ya magunia. Kila Jumatatu kabla hatujafungua nilipanda pale na kandambili zangu, naye akasoma namba kwa sauti ileile anayowasomea wanunuzi wake, na wapagazi wakajipanga kutazama. Mwezi wa kwanza zilitoka kilo saba. Wapagazi walipiga makofi, mmoja akasema gunia limetoboka, na nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimpigia simu mdogo wangu palepale. Mwezi wa pili zilitoka mbili. Mwezi wa tatu haikutoka hata moja.

Nilipunguza zaidi. Kabichi ya kuchemsha, yai moja, nyanya. Nilikuwa naota chakula nikiwa macho, nikimhudumia mteja huku nikisikia harufu ya mihogo ya kukaanga kutoka mtaa wa tatu. Mikono ilikuwa baridi wakati wote. Nywele zikaanza kukatika, nikazifunga kitambaa. Mwezi wa nne, Jumatatu ya kwanza, muuza maharagwe alisoma namba kwa sauti ya chini, safari hii bila kuwatazama wapagazi. Nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuchukia mwili wangu, chuki kabisa, kama mtu anavyomchukia mpangaji aliyekataa kuhama. Niliufinya tumboni kule bafuni hadi ukaweka alama. Nilisema nao kwa matusi ambayo hata wapagazi hawajayasikia.

Ni mimi mwenyewe niliyependekeza kuhamia kwa mdogo wangu. Alikuwa amepanga nyumba ndogo Mbuya, upande wa chini wa kilima, na nilimwambia wifi yangu anipikie yeye, anipimie yeye, ili nisije nikawa najidanganya bila kujua. Wifi ni Mganda, mwanamke mwenye adabu sana. Alikuwa akipiga magoti kila akinisalimu, akiniita mulamu, ndivyo wao wanavyoita shemeji na wifi. Alinipimia kwa kikombe. Mwanzoni hilo lilinipa amani. Kisha nikamwona anahesabu mayai baada ya mimi kutoka jikoni. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, tena ningehesabu na vitunguu.

Siku moja alifika dukani mteja wangu Mkongo, ametoka safari ya siku mbili, hajatia kitu mdomoni. Nilikwenda kwa mpishi wa barabarani nikamnunulia rolex mbili, zile chapati za kukunja na mayai, nikamletea zimefungwa kwenye karatasi zinatoa moshi. Nilimeza mate njia nzima. Aliniona mtu anayeishi jirani na mdogo wangu, na kabla sijapanda kilima jioni ile, habari ilikuwa imeshafika. Hakuna aliyeniuliza. Wifi alipakua kabichi yangu kama kawaida. Mdogo wangu alikuwa ameketi amejifunika koti ingawa hapakuwa na baridi, uso umevimba, na wakati nanawa alikuwa ananitazama vidole. Nilieleza habari za Mkongo bila kuulizwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nasema uongo.

Kesho yake nilimwendea daktari peke yangu, nikamfokea. Nilimwambia sijui nini tena nile au nisile, kwamba mizani imerogwa, na kwamba ndugu yangu anavimba miguu na mimi nimekaa na figo lake tumboni nisiweze kulitoa. Aliniacha nimalize. Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: nilipokuwa mtoto, nilikuwa nameza dawa gani, na mara ngapi?

Nikacheka, maana nilikumbuka mgao.

Tulikulia katika kambi ya jeshi, mimi, kaka zangu, mama na baba, chumba kimoja na pazia. Mdogo wangu hakuwapo. Alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi upande wa Arua kwa sababu nafasi ilikuwa haba, na akarudi amefika miaka kumi, mwembamba, anajua kuchunga mbuzi. Baba alikuwa sajini na aliendesha nyumba kwa mgao. Posho mgao, maharagwe mgao, sabuni ilikatwa kwa uzi vipande vilivyolingana. Na dawa pia. Mmoja wetu akiharisha, na mvua za kule zilituharisha sana, zilipatikana kapsuli za kuua bakteria, dozi ya mtu mmoja ya wiki nzima. Baba aliona si haki mtu mmoja ameze wiki nzima wenzake wakitazama. Alituita foleni mbele ya mlango, mgonjwa na wazima, akatoa kapsuli mbilimbili kwa kila mkono, tukameza mbele yake na kufungua mdomo akague. Hesabu yake ilikuwa kwamba ugonjwa ukiikuta nyumba nzima imekwisha kunywa dawa hautapata pa kuingia. Mgonjwa akipona, sifa zilikuwa za mgao. Asipopona, zilitafutwa kapsuli nyingine na foleni ikapangwa upya. Hivyo ndivyo tulivyoishi kila msimu wa mvua, kuanzia nilipoweza kumeza hadi nilipohama nyumbani. Majirani walimsifu kwa kuipenda familia yake, na ni kweli aliipenda.

Daktari hakucheka. Alichukua kiti akaja upande wangu wa meza. Alinieleza kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wasiohesabika, wengi wao si maadui. Hutumalizia kumeng'enya chakula tusichokiweza, huulisha ukuta wa utumbo, na tangu uchanga ndio wanaoifundisha kinga ya mwili nani wa kupigwa na nani wa kuachwa apite. Mtoto akipigwa dawa hizo mara kwa mara, nusu dozi leo na nusu mwezi ujao, wapole hufa, na wanaorudi kuchukua nafasi si lazima wawe walewale. Wapo wanaokamua chakula hadi tone la mwisho na kuukabidhi mwili akiba usiyohitaji. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na askari wa kinga huamka.

Nilimwambia mimi ni mtoto wa askari, azungumze taratibu nielewe. Akasema askari hao hawapigani vita ya kuonekana. Hakuna homa wala usaha. Ni uvimbe wa chinichini unaodumu miaka, na mafuta yakizidi mwilini nayo huwaita wengine waje kupiga kambi humohumo. Mwili unaoishi hivyo husikia vibaya amri ya insulini, na ubongo husikia vibaya tumbo likisema limeshiba. Ukiunyima chakula unaamini njaa imeingia nchini. Unabana matumizi, unapoza mikono, unalinda kila kilo kama mali ya mwisho. Hakudai kwamba ni kapsuli za baba peke yake. Alitaja damu ya ukoo, mafuta ya kukaangia, usingizi mbovu, wasiwasi, na akakiri kwamba mengi ya bakteria hao wataalamu wenyewe bado wanayatafuta. Lakini alinishika goti, nami nayakumbuka maneno yake hadi leo.

"Dada, wewe si mlafi na si mvivu. Mwili wako unapigana na wewe, na ulianza kabla hujajua kusoma."

Nililia pale vibaya sana. Si kwa huzuni, kwa kusikia mtu mzima mwenye koti jeupe akiniamini. Nikamuuliza dawa yake. Akasema chakula cha nyuzinyuzi, maziwa ya mgando, mtama, kunde, kutembea, muda; kwamba ziko na sindano za kupunguza hamu ya kula, lakini kwa kasi tuliyohitaji hawezi kuniahidi. Nikamuuliza muda gani. Akasema pengine mwaka, pengine zaidi. Sote wawili tulijua mdogo wangu hana mwaka. Kabla sijatoka akaniambia jambo jingine, nadhani kwa kutafuta la kusema. Hata figo langu lingekubaliwa, ingebidi wamnyweshe mdogo wangu dawa za kuwanyamazisha askari wake maisha yake yote, maana kinga ya mwili haijui undugu.

Nilimwomba aniandikie. Alishangaa kidogo, lakini alichukua karatasi na kuandika nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi, akaweka sahihi. Nilipanda kilima cha Mbuya nikiwa nimeishika kama kibali cha kusafiria. Nilikuwa na hakika. Nilijipanga nitaanza vipi, nitasema neno gani kwanza, na wapi nitamtania kuhusu mbuzi wa bibi waliomnusuru na kapsuli za baba.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni kwenye kigoda, ametoka kwenye mashine mchana ule, midomo imekauka. Siku hizo alikuwa anapimiwa maji kwa kikombe kidogo cha kahawa, na alikuwa akikizungusha mkononi kikiwa kitupu. Wifi alikuwa anaosha vyombo hatua tatu kutoka pale. Nilisoma karatasi yote kwa sauti. Nilieleza habari za mgao, utumbo, askari. Nilieleza vizuri, nadhani, vizuri kuliko ninavyoeleza sasa. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza alikiweka kikombe chini taratibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile alichojifunzia jeshini.

"Sasa ni wadudu ya tumbo ndiyo nakataa toa figo," alisema. "Dada, kama roho yako hapana taka, sema tu. Mimi hapana kasirika."

Wifi aliacha kuosha. Sauti ya maji ilikatika, na nikajua naye alikuwa akilingoja jibu langu.

Ningeweza kumwonyesha mikono baridi, nywele zinazotoka na kitambaa. Nilivionyesha. Niliapa kwa kaburi la mama na la baba. Nilipandisha sauti, kisha nikashusha, nikamwambia alete kisu nijitoe mwenyewe. Yeye alitikisa kichwa polepole, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniua. Alikuwa amekwisha kunisamehe kosa ambalo sikulifanya. Alikuwa ameona dada yake anaogopa kisu, akaona ni jambo la kawaida, akaamua asinilazimishe. Karatasi niliikunja nikairudisha kwenye pochi.

Tangu siku ile alinitendea kwa heshima. Zamani alikuwa akinipigia kelele nikichelewa, akinikopa viatu vyangu vya bafuni, akiniita majina ya utotoni. Sasa alinisalimu kama mgeni wa watu, akaniuliza biashara inaendaje, akaniambia ahsante kwa kila glasi. Mara mbili nilimsikia akimwambia wifi asinisumbue na mambo ya mayai, anipe ninachotaka. Wifi alininunulia mkate. Ulikaa mezani siku tatu umefungwa, tukiuzunguka, hadi watoto walipoumaliza.

Niliendelea. Nilikula kunde na maziwa ya mgando kama nilivyoelekezwa, nilitembea asubuhi na jioni, nilijipima Jumatatu. Kilo moja ilitoka. Nusu ikarudi. Muuza maharagwe hakusoma tena kwa sauti, alinionyesha tu kwa kidole, na wapagazi waliondoka kabla sijapanda, wakijifanya wana kazi. Mdogo wangu naye alikuwa anapungua kila wiki bila kujaribu. Nyama ilimtoka mabegani na mapajani, maji yakabaki usoni na miguuni. Nilikuwa nikimtazama na kuwaza mawazo ya kijinga, kwamba laiti mtu angeweza kuchota huku na kumimina kule.

Alikufa asubuhi, siku ya zamu yake ya mashine, amekwisha kuvaa shati anasubiri gari. Moyo ulisimama. Wifi ndiye aliyekuwa naye. Mimi nilikuwa njiani, kati ya Mbuya na Kikuubo, nikitembea kwa miguu kupunguza uzito.

Tulimsafirisha siku hiyohiyo, tukamzika upande wa Arua karibu na bibi. Kutoka hapo mambo yangu mwenyewe siyakumbuki kwa mpangilio. Najua sikula. Mwanzoni lilikuwa suala la kutoweza kumeza, kisha nikasahau tu. Nilikuwa na kiu ya ajabu. Nilikunywa maji jagi zima nikajaza tena, nikaenda haja ndogo kila saa, nikarudi kwenye jagi. Nilimwonea aibu mdogo wangu kwa maji yale, yeye aliyekufa akipimiwa kwa kikombe cha kahawa. Nguo zilianza kunining'inia. Sikufikiri chochote, niliona ni msiba. Dukani herufi za risiti zilikuwa zinacheza, na siku nilipompa mteja sufuria badala ya beseni mara mbili mfululizo, jirani alifunga duka lake na kunipeleka kliniki kwa nguvu.

Ilikuwa sukari. Ilikuwa juu sana, mwuguzi alirudia kipimo akidhani kimeharibika. Nilimpigia simu daktari Mkenya, akanieleza polepole kwamba ile hali ya mpakani imevuka. Kwamba uvimbe ule wa miaka yote umechosha kiungo kinachotoa insulini, na sasa mwili haupati chakula hata kikiwa kwenye damu, kwa hiyo unajila wenyewe. Alinikataza kujilaumu kwamba ningeweza kukonda hivi mapema nikamwokoa mdogo wangu. Mwenye sukari, alisema, hatoi figo. Kisha wakanipima uzito, kwa sababu lazima wapime. Kilo ishirini na mbili zilikuwa zimetoka, na mbili za ziada.

Wiki hiyohiyo ilikuwa arobaini ya mdogo wangu. Nilikwenda Mbuya nimevaa gauni la gomesi nililolibana kwa pini kiunoni, lisidondoke. Watu walikuwa wamejaa uani, wengi ni askari wenzake, masheikh wamekwisha soma dua, chakula kinatoka. Wengine hawakunitambua hadi niliposema. Nilisaidia kugawa maji, kisha nikaingia jikoni, nikamkuta wifi peke yake mbele ya sufuria la pilau, upawa mkononi. Hakupiga magoti. Alinitazama shingo, akanitazama mikono, akashuka hadi kwenye pini, macho yakabaki hapo.

"Mulamu," alisema kwa Kiswahili alichokiokota kwa mumewe, "kumbe ulikuwa naweza."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilikuwa nayo yote, insulini, utumbo, askari, na safari hii hata cheti cha kliniki kilikuwepo. Nikamwona alivyoshika upawa kwa mikono miwili. Mwanamke yule alikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga, na kitu pekee alichobakiwa nacho ambacho kilimsimamisha wima kilikuwa kujua kwamba mwenye kosa ni mimi. Nikimnyang'anya hicho, atamkasirikia nani? Bakteria?

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naweza.

Alishusha pumzi. Akachukua sahani, akapakua pilau hadi ikafanya kilima, akaongeza nyama juu na viazi viwili, akaniwekea mikononi. Halafu akasimama pale mlangoni, amefunga mikono kifuani, akingoja nile.